Watoto Waliofariki Wakiwa Wachanga: Namna ya Kuwatafuta Katika Kumbukumbu za Ukoo

Familia nyingi katika sharika zetu zinaandika historia za koo zao. Mara nyingi orodha huwa na babu, bibi na watoto wao waliokua, wakaoa au kuolewa. Waliofariki wakiwa wachanga hawamo. Wazazi walinyamaza kwa uchungu, na wajukuu hawakuambiwa. Hata hivyo watoto hao walizaliwa, wengi walipewa majina, na baadhi yao wamo katika vitabu vya usharika.

Mahali pa kuanzia ni kitabu cha ubatizo. Kwa kuwa Walutheri tunabatiza watoto wachanga, hata mtoto aliyeishi majuma machache anaweza kuwa ameandikwa humo pamoja na wazazi na wadhamini wake. Huenda pia ikaandikwa kwamba alipata ubatizo wa dharura, ambao Mkristo yeyote anaweza kuutoa mchungaji asipokuwepo. Baada ya hapo, tulinganishe na vitabu vya kipaimara, ndoa na mazishi. Jina lisiloonekana tena baada ya ubatizo ni dalili tu, si ushahidi, kwani huenda familia ilihama.

Katika sharika zilizotokana na kazi ya wamisionari Wajerumani, kama wale wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, vitabu vya zamani vinaweza kuwa na alama za Kijerumani. Nyota ndogo (*) maana yake ni kuzaliwa, na msalaba (†) ni kufa.

Waliofariki kabla ya ubatizo wanahitaji njia nyingine:

1. Tuwapange watoto wa mama mmoja kwa tarehe za kuzaliwa. Ikiwa walifuatana kwa miaka miwili miwili, kisha pakawa na pengo la miaka mitano, tuulize kwa upole.

2. Tuangalie majina. Kwa Wasukuma, Shija ni mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Kama hakurithi jina hilo kwa babu, na hakuna Kulwa wala Doto katika orodha, basi huenda kuna mapacha waliosahauliwa. Aidha, jina likionekana mara mbili kwa wazazi walewale, tusiseme haraka kuwa karani alikosea. Huenda mdogo alipewa jina la marehemu.

3. Tuwaulize bibi na shangazi. Ukiuliza, "Mama, una watoto wangapi?" utatajiwa walio hai. Ni afadhali kuuliza, "Ulijifungua mara ngapi?" Asiyependa kusema asilazimishwe.

Je, kazi hii ina faida gani? Yako magonjwa ya kurithi kama selimundu. Baba na mama wakiwa wote wamebeba vinasaba vyake, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Orodha ya ukoo haiwezi kuthibitisha ugonjwa, lakini inaweza kuwapa vijana sababu ya kupima damu kabla ya ndoa. Inaweza pia kumwondolea lawama bibi kizee ambaye kwa miaka mingi amenyooshewa kidole kwamba ndiye aliyewaloga watoto. Na mama aliyebeba msiba wake peke yake hupata faraja akiona jina la mwanawe limeandikwa pamoja na ndugu zake.

Ombi letu kwa kamati za sharika ni hili. Vitabu vya zamani viwekwe katika kabati la chuma, mbali na mchwa na unyevu. Visiazimwe, kurasa zipigwe picha kwa idhini ya usharika. Na kuanzia sasa kila mazishi ya mtoto mchanga yaandikwe kama ya mtu mzima: jina, wazazi, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Kwa wafadhili wetu, kabati moja ni msaada mdogo kwa macho, lakini kitabu kikishaliwa na mchwa hakuna fedha inayoweza kukirudisha.