Kofia Ngumu na Mpanda Baisikeli wa Nyanda za Juu

Mtu aliyekwisha uza mkaa wake akaiachia baisikeli iteremke kutoka Iringa mjini hadi Ipogolo, au kutoka Mbeya kupitia Iwambi hadi Mbalizi, raba za breki zikiwa zimelika, hahitaji hoja ya mwanachuoni kumthibitishia kwamba lami ni ngumu kuliko fuvu. Lakini kama kofia ngumu ingemwokoa ni suala lililowagawa wataalamu kwa miaka mingi, na mzozo wao, nadhani, umetokana na kuchanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni anguko lenyewe. Ndani ya gamba jepesi la kofia ya baisikeli mna povu gumu ambalo, kichwa kinapopiga chini, hupondeka, na kwa kupondeka huko huurefusha ule muda mfupi mno ambao kichwa hutumia kusimama, ubongo usije ukabamizwa fuvuni kwa nguvu yote ya pigo. Mwaka 2016 Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walikusanya tafiti 40 zilizohusu majeruhi zaidi ya 64,000, wakaona kwamba uwezekano wa kuumia vibaya kichwani ulikuwa pungufu kwa asilimia 69 hivi kwa waliovaa. Na ingawa yamkini mvaaji ni mtu wa hadhari tangu mwanzo, sioni kuwa hadhari peke yake yaweza kueleza tofauti kubwa kiasi hicho.

La pili ni kugongwa na gari. Kipimo cha Ulaya huiangusha kofia, na kichwa cha bandia ndani yake, kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 1.5; sasa lifikirie lori liendalo Tunduma kwa kilomita 80, mkulima wa mpunga akiwa ukingoni mwa lami huko Igurusi au Chimala, nawe ukumbuke kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya pigo huzidi mara nne, na kwamba kifua na nyonga havina kofia.

Uholanzi wavaaji ni wachache sana, na mpanda baisikeli hupita kwa amani, maana aghalabu ana njia yake iliyotengwa na magari. Katika jimbo la Victoria, Australia, lililolazimisha kofia tangu tarehe 1 Julai 1990, majeraha ya kichwa yalipungua, lakini wapandaji nao, hasa vijana, wakapungua, hata ikawa taabu kujua sifa ni ya kofia au ya njia tupu. Mimi, laiti ningekuwa na amri juu ya barabara ya Tanzam, hiyo ya malori ya Tunduma, ningeanza kwa kuwapa wapandaji ukingo mpana uliotengwa kabla ya kumtoza mchuuzi wa mkaa faini ya kichwa wazi.

Hata hivyo, anayeweza kununua na anunue, hasa kwa mtoto aendaye shule kwa baisikeli. Asichukue ya bodaboda, kwani ni nzito, na joto lake litamfanya aivue kabla hajafika nusu ya mlima. Na akinunua ya mtumba aichunguze vema, kwa sababu povu lililokwisha kupondeka mara moja haliwezi kazi tena, na ufa wake huweza kujificha chini ya gamba linalong'aa.