Tulidhani tumeagana na mapatano ya nauli

Msomaji aliyepata kupanda teksi zenye mstari wa manjano ubavuni jijini Nairobi atakubaliana nami kuwa kazi hiyo ilikuwa na sarufi yake. Dereva alitaja nauli, abiria akaguna, dereva akapunguza kidogo, abiria akajifanya anaondoka. Aliyeimudu sarufi hiyo alipunguziwa. Mgeni aliyeshuka basi la usiku kutoka Kakamega, asiyejua Ngara ni mwendo gani kutoka katikati ya jiji, alilipa alichoambiwa.

Ndiyo maana Uber ilipoingia Nairobi mwaka 2015 sikuwa miongoni mwa walioomboleza. Nauli ilionekana kabla ya kupanda, jina la dereva na nambari ya gari vikajulikana, na mnyonge wa maneno akatajiwa bei bila kubembeleza mtu. (Nakiri kwamba mzee wa teksi wa mtaani kwetu alimpeleka mke wangu kujifungua usiku wa manane, akangoja malipo hadi mwisho wa mwezi. Simu haimjui mtu kiasi hicho.)

Hata hivyo, mapatano hayakufa. Mwezi uliopita, saa nne usiku, mvua ikinyesha, niliita gari kwa simu. Dereva akapiga: "Unaelekea wapi? Unalipa vipi?" Nilipojibu, akafuta safari. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akasema, "Mwalimu, hiyo ya simu haitoshi mafuta. Ongeza mia mbili." Nikaongeza.

Simlaumu. Nauli hupangwa na kampuni, ilhali mafuta hununuliwa na dereva. Kanuni za serikali za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ya kampuni, lakini kilio hakikukoma. Mwaka 2024 baadhi ya madereva walibandika orodha zao za nauli ndani ya magari, wakitaka abiria afuate karatasi badala ya simu.

Anayeumia ni yule yule mgeni wa zamani. Zamani angalau alibishana mchana kweupe, mbele ya watu, na teksi nyingine ikiwa hatua tatu kando. Leo hubishana peke yake gizani, betri ikikaribia kuisha. Mwanafunzi wangu mmoja amekwisha kujifunza sarufi mpya: gari likikubali tu, humwandikia dereva neno moja kabla hajaulizwa lolote, "Nitaongeza."