KIFAA CHA GPS KWENYE PIKIPIKI: BETRI IKIFA, NANI ANALIPA?



Mwenzetu mmoja wa kiwandani, hapa Quartier Industriel, alijinyima miaka kadhaa akanunua pikipiki. Mwenyewe hana nafasi ya kuiendesha, kwa hiyo alimkabidhi mdogo wake aifanyie kazi ya teksi. Watu wakamshauri aiwekee kifaa cha GPS, ili ikiibwa ajue iliko. Akaenda Buyenzi kwa mafundi, kifaa kikafungwa kwa muda wa kunywa chai, akalipa, akaondoka akiwa na furaha.

Baada ya wiki chache mdogo mtu akaugua malaria. Pikipiki ikalala ndani tangu Ijumaa jioni. Jumanne asubuhi haikuwaka: honi kimya, taa za kuonyesha kona kimya. Kaka akasema kijana ameacha ufunguo wazi. Kijana akaapa kwamba hakuacha. Betri mpya ikanunuliwa na gharama ikakatwa katika malipo ya kijana. Wiki tatu baadaye mambo yakawa yale yale, na ndugu hao wawili wakaacha kusemezana.

Tulipoombwa kusuluhisha, hatukuanza kwa maneno. Tulianza kwa mita ya kupimia umeme, na tunaeleza hapa tulichokiona, kwa sababu wengi kati yenu mna pikipiki, au mnaendesha za watu.

Kwanza tuelewane juu ya kifaa chenyewe. GPS ni mitambo ya setilaiti zaidi ya 30 za Marekani, zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,000 hivi. Zilikuwa za jeshi. Raia waliruhusiwa kuzitumia, lakini kwa kosa lililowekwa makusudi, mpaka kosa hilo lilipoondolewa Mei 2000. Kifaa chako hakizungumzi na setilaiti; kinazisikiliza tu, na kinahitaji kusikia angalau nne ili kijue mahali kilipo pamoja na kimo chake. Kile cha kuonyesha njia huishia hapo. Kile cha ulinzi kina kadi ya simu ndani yake, na kwa kadi hiyo humpelekea mwenye mali habari za pikipiki, mchana na usiku. Hapo ndipo umeme unapokwenda.

Tulichomoa waya hasi wa betri, tukaweka mita katikati, ufunguo ukiwa umetolewa. (Mkijaribu wenyewe, msibonyeze stata wakati mita iko hapo, itaungua.) Mita ikaonyesha miliampea 50. Mtu ataona ni kidogo mno, lakini tupige hesabu. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya pikipiki ile ni ya ampea-saa 5. Tangu Ijumaa jioni mpaka Jumanne asubuhi ni siku tatu na nusu: zimenyonywa 4.2. Itawakaje? Kijana hakuwa na kosa lolote.

Dawa yake si kuking'oa kifaa, wala kukiunganisha nyuma ya swichi ya ufunguo, maana mwizi atakizima kirahisi. Vifaa vingi vya namna hii vina hali ya usingizi: pikipiki ikisimama, kifaa hulala na kuamka kwa vipindi. Cha mwenzetu hakikuwa kimewekwa hivyo. Kilipowekwa, mita ilishuka mpaka miliampea 5, na kwa kiasi hicho betri ile ile ingechukua zaidi ya mwezi mmoja kuisha.

Simu au kifaa cha kuonyesha njia ni habari nyingine. Hivyo havitaki volti 12 za betri, vinataka volti 5, kwa hiyo lazima pawe na kibadilishi cha umeme katikati, na hicho ndicho kipite kwenye swichi ya ufunguo, ili ukizima pikipiki nacho kizimike. Fundi mwenye haraka huchukua umeme kwenye waya wa taa ya mbele kwa sababu uko karibu na usukani. Mkatalieni. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na mashine ya umeme iliyo kwenye injini, na umeme wake hupanda na kushuka kwa jinsi unavyokaza mafuta. Kibadilishi kitakufa, na pengine simu nayo.

Kila waya mwekundu unaotoka betrini uwe na fyuzi yake, karibu kabisa na betri: ampea 1 au 2 kwa kifaa cha ulinzi, 3 kwa kuchaji simu. Waya ukichubuka bila fyuzi, unaungua chini ya kiti ulichokalia, na tangi la petroli liko mbele yako. Waya hasi urudi kwenye betri yenyewe, si kwenye bolti yenye kutu.

Mahali pa kukifunga: chini ya plastiki au kiti panafaa, chini ya chuma hapafai, karibu na bomba la moshi hapafai kabisa. Viungio vitazame chini ili mvua isiingie. Mkifunga simu kwenye usukani, ugeuzeni kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, muone kama waya unavutika. Wekeni mpira chini yake pia, kwani mtetemo huharibu. Mwaka 2021 Apple yenyewe iliwaonya wateja wake kwamba mtetemo wa pikipiki waweza kuharibu kamera za simu zake.

Limebaki neno moja, nalo si la fundi. Tangu pikipiki zilipokatazwa kuingia katikati ya Bujumbura, Machi 2022, na kwa uhaba wa mafuta wa miaka hii, wenye mali wanataka kujua kila hatua ya dereva. Tunaielewa hofu yao. Lakini Kigali, Januari 2022, madereva wa pikipiki waligoma kwa sababu ya mita walizofungiwa na makato yaliyofuatana nazo. Kabla kifaa hakijafungwa, dereva na mwenye mali wakubaliane mbele ya shahidi: nani anaona safari, saa za mapumziko zikoje, na betri ikifa kwa sababu ya kifaa, gharama ni ya nani.

Mwenzetu alimrudishia mdogo wake fedha za betri zote mbili. Alimlipa kwa mafungu mawili, na fungu la kwanza tulilishuhudia.