Kasulo: Ambreyaji ikikufa na garanti ikikataa, nani analipa?

KOLWEZI – Taksibisi ilifika Kasulo siku ya posho, imeoshwa vizuri, makaratasi yake yote ndani ya bahasha. Majuma matatu baadaye, kwenye mupando, ikiwa imejaa watu, injini ilipiga kelele kubwa lakini gari haikupanda. Harufu ya kitu chenye kuungua ikaingia ndani. Abiria wakashuka mmoja mmoja, na kila mmoja akadai feza yake.

Dereva huyu hatumpi jina. Tunamuweka hapa kama mfano, kwa sababu ugomvi wake unaweza kumpata mtu yeyote anayenunua gari ya okazyo katika jimbo la Lualaba. Aliweka akiba ya miaka. Aliambiwa gari imepimwa, ina cheti, ina garanti ya miezi mitatu. Sasa anapiga simu.

«Patroni, gari imekataa kupanda. Fundi anasema ni ambreyaji.»

«Papa, ambreyaji haimo katika garanti. Ni kitu cha kuchakaa. Wewe ndiwe uliichoma kwa kubeba watu wengi.»

«Lakini gari ina majuma matatu tu kwangu!»

Muuzishaji anasema dereva aliharibu. Dereva anasema aliuzishiwa kitu kibovu. Nani ana haki? Jibu halimo katika simu, na mara nyingi halimo hata katika cheti. Liko ndani ya gari, katikati ya injini na bwati ya vitesi, mahali ambapo hakuna jicho linalofika mpaka bwati ishushwe.

Cheti kinasema nini, na kinanyamaza wapi

Gari nyingi za okazyo zinazotembea Kolwezi zilianzia Japani. Zinashuka katika bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinavuka Zambia, zinaingia Congo kwa mpaka wa Kasumbalesa, kisha zinapanda Lubumbashi na Likasi mpaka huku kwetu. Ndiyo sababu nyingi zina usukani upande wa kuume, hata kama sisi tunatembea upande huohuo wa barabara.

Njiani gari inakusanya makaratasi. Kuna karatasi ya mnada wa Japani, yenye alama za hali ya mwili wa gari na injini, na kilometre zilizosomwa siku ile. Kuna cheti cha kutoka Japani. Mara nyingine kuna cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya meli. Mpakani kuna makaratasi ya dwani na ya OCC. Yote ni ya maana, na mnunuzi afanye vizuri kuyadai.

Lakini wakaguzi hao wanaangalia breki, taa, matairi, usukani, kutu, kilometre. Hawashushi bwati ya vitesi ili kupima unene wa diski ya ambreyaji. Kwa hiyo cheti kinaweza kuwa cha kweli kabisa, na ambreyaji ikawa imebakiza siku ishirini za maisha. Cheti kinaeleza hali ya gari siku ilipokaguliwa. Garanti ni ahadi ya muuzishaji juu ya siku zinazokuja. Wauzishaji wengine wanaonyesha cheti ili mnunuzi asiulize juu ya garanti. Asirance nayo, ile ya lazima, inalipa watu wengine uliowaumiza au kuwaharibia mali barabarani. Hailipi ambreyaji yako.

Anayeshika kipimo

Wakaaji wa Kasulo hawahitaji kufundishwa kwamba kitu cha bei kinaweza kujificha chini. Mwaka wa 2014 mukaaji mmoja alichimba katika kiwanja chake, akakuta heterojeniti, jiwe lenye kobalti. Baada yake watu walichimba chini ya nyumba zao, mpaka ndani ya vyumba. Mwaka wa 2017 sehemu ya kartye ilizungushiwa ukuta, jamaa nyingi zikahamishwa, na kampuni ya Congo Dongfang Mining ikapata haki ya kununua madini ya hapo.

Kila mukrezeri aliyepeleka mifuko kwenye depo anajua ugomvi wa Metorex, kile kifaa kinachosoma kiasi cha madini ndani ya jiwe. Kifaa kiko mikononi mwa mnunuzi. Namba inayotoka ndiyo inayoamua bei, na wachimbaji wamelalamika miaka mingi kwamba namba hiyo inashushwa. Hawana kifaa chao cha kulinganisha.

Ugomvi wa ambreyaji unafanana na huo. Yule anayefungua bwati ya vitesi ndiye anayesema ugonjwa ni nini. Kama ni fundi wa muuzishaji peke yake, atasema dereva aliichoma. Kama ni fundi wa dereva peke yake, muuzishaji atasema vyuma vilibadilishwa. Na kosa linalowapotezea haki wanunuzi wengi linafanyika saa ileile ya hasira: wanapeleka gari kwenye garaji ya jirani, fundi anafungua, anaweka ambreyaji mpya, diski ya zamani inatupwa au inauzishwa kwa kilo. Kesho yake hakuna tena kitu cha kuonyesha.

Ambreyaji iliyofunguliwa inasema

Ambreyaji ina vitu vitatu vikubwa: diski, plato inayoibana diski, na bite, ile beringi inayosukuma plato ukikanyaga pedali. Diski inabanwa kwenye gurudumu zito la injini, volani. Fundi mwenye uzoefu akifungua mbele ya watu wawili wanaogombana, anaweza kuona moja kati ya mambo haya.

Kwanza, diski imelika sawasawa pande zote mpaka kwenye ribiti. Huo ni uchakavu. Hapa muuzishaji ana nguvu, kwa sababu garanti nyingi zinaondoa vitu vya kuchakaa. Lakini mnunuzi naye ana la kusema: diski nzuri inabeba gari makumi ya maelfu ya kilometre. Kama imekwisha baada ya majuma matatu, siku ya kuuzishwa ilikuwa tayari karibu kwisha. Hii ndiyo kesi ngumu kuliko zote, na mara nyingi njia ya busara ni kugawana gharama.

Pili, volani na plato zina rangi ya bluu, zina nyufa ndogondogo, diski imeungua na kung'aa kama kioo. Huo ni moto wa kuteleza. Unatokana na mizigo mikubwa, kuvuta gari nyingine, au dereva anayepumzisha mguu juu ya pedali. Gari iliyobeba mifuko ya jiwe toka asubuhi mpaka jioni itaonyesha alama hizi haraka. Hapa dereva ajiulize kwa ukweli kabla ya kupanda tribinali.

Tatu, diski imelowana mafuta. Mafuta hayo yanatoka kwenye juwen ya nyuma ya injini au ya mbele ya bwati. Ambreyaji imekufa kwa ugonjwa wa jirani yake. Kama garanti inafunika injini na bwati, muuzishaji hawezi kusema tu «ambreyaji haimo»: kilichoharibika kwanza ni kile kilichomo.

Nne, resori za diski zimevunjika, ulimi wa plato umepasuka, au bite imesambaratika na diski ingali nene. Hicho ni chuma kilichovunjika, si uchakavu wa kawaida. Na kama diski inaonekana mpya lakini ya bei rahisi, muulize muuzishaji nani aliiweka na lini.

Tano, diski iko nzima kabisa. Pedali inazama kwa sababu pompi ndogo ya mafuta ya ambreyaji inavuja. Kazi hiyo ni ndogo, na mtu aliyekubali kubadilisha ambreyaji nzima amelipa bure.

Sheria iko, lakini haingoji

Hata kama hakuna karatasi ya garanti, mnunuzi hayuko mikono mitupu. Kode Sivili ya Congo, Kitabu cha Tatu, inayotokana na amri ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, inamlazimisha muuzishaji kujibu juu ya kasoro zilizojificha: zile zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake, au zinazopunguza kazi hiyo mpaka mnunuzi, kama angezijua, asingenunua au angetoa bei ndogo. Jambo hilo linaanza kwenye kifungu cha 318.

Sheria hiyo inapanga mambo wazi. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona yeye mwenyewe, muuzishaji hajibu. Kasoro iliyojificha, anajibu hata kama hakuijua, isipokuwa waliandikiana kwamba hakuna garanti. Lakini ulinzi wa maandishi hayo ni wa yule asiyejua. Aliyejua kasoro na kunyamaza hawezi kujificha nyuma yake, na anaweza kudaiwa hata hasara iliyotokea. Mnunuzi anachagua: arudishe gari na kurudishiwa bei, au abaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei.

Kuna mizigo miwili juu ya mabega ya mnunuzi. Wa kwanza: anayedai ndiye anayethibitisha, na lazima aonyeshe kwamba kasoro ilikuwako kabla ya kununua. Wa pili: muda ni mfupi. Anayekaa miezi akiendesha gari huku akilalamika kwa simu anaiacha haki yake njiani. Wafanyabiashara wanaouziana wao kwa wao wanaangaliwa na sheria za OHADA, ambazo RDC inazifuata tangu mwaka wa 2012, nazo pia zina muda wake wa kumjulisha muuzishaji.

Na tusichanganye milango. Deni la ambreyaji si kazi ya polisi. Ni ugomvi wa kisivili, na unaanzia kwenye mazungumzo, kisha barua, kisha tribinali. Mlango wa polisi na paruke unafunguka kama kuna udanganyifu wenyewe: cheti cha uongo, au kilometre zilizorudishwa nyuma kwa makusudi.

La kufanya siku ileile

Simamisha gari. Kuendelea kuiendesha kunachoma volani, na kunampa muuzishaji jibu.

Andika kilometre zinazosomeka, piga picha ya tablo ikionyesha namba hiyo, na uilinganishe na kilometre za siku ya kununua.

Mwandikie muuzishaji, usimpigie tu. Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe ni bora kuliko simu ya nusu saa; barua yenye sinyatire ya kupokea ni bora zaidi. Mwambie: gari itafunguliwa siku fulani, saa fulani, garaji fulani, njoo au tuma fundi wako.

Fungua mbele ya pande zote mbili, au mbele ya fundi wa tatu ambaye wote wawili wanamkubali. Piga picha za diski, plato, bite, volani na sehemu zenye mafuta. Fundi aandike alichoona, aweke tarehe na jina lake. Kama muuzishaji amekataa kuja, andika kwamba aliitwa na hakuja.

Vyuma vya zamani weka ndani ya mfuko na uende navyo nyumbani. Fundi akitaka kuvibakiza, mlipe bei yake ya vyuma vikuukuu. Mwamuzi wa tribinali anaweza kumteua mtaalamu avitazame, lakini hawezi kutazama kitu kilichokwisha kuyeyushwa.

Kabla ya kutoa feza

Kuna jaribio ambalo halihitaji kifaa. Gari ikiwa imesimama mahali tambarare, hakuna mtu mbele, vuta breki ya mkono, washa injini, weka vitesi ya tatu na uachilie pedali polepole. Ambreyaji nzuri itazima injini mara moja. Injini ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kitu, diski inateleza. Usilirudie mara nyingi, kwa sababu nalo linachoma. Kisha panda nayo kilima katika vitesi ya juu na ukanyage mafuta: kelele ikipanda na mwendo usipande, umejua.

Halafu kontra. Neno «garanti» peke yake halitoshi. Iandikwe ni miezi mingapi au kilometre ngapi, inafunika nini, na ambreyaji imo au haimo. Kama muuzishaji anasema haimo, si vibaya. Ni sababu ya kushusha bei, au ya kulipa fundi wako saa mbili za kazi kabla ya kusaini.

Turudi kwa dereva wa mfano wetu. Akiwa ameifungua gari peke yake, atalipa ambreyaji mpya na kuendelea kumchukia muuzishaji. Akiwa ameifungua mbele ya muuzishaji, na diski ikatoka imelowana mafuta ya injini, mazungumzo yanabadilika: juwen na kazi ya kushusha bwati kwa muuzishaji, labda diski kwa nusu. Si ushindi mkubwa. Lakini taksibisi inarudi barabarani siku ya kwanza, na watoto wanarudi shuleni na feza ya mwezi ikiwa imelipwa.