Mvua ya Dubai na Mkono wa Binadamu

Maji yalikuwa bado yamefunika Barabara ya Sheikh Zayed, magari yametelekezwa yakielea, na tayari uvumi ulishazunguka dunia: mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 ilitengenezwa kwa ndege. Uwanja wa ndege wa Dubai ulipata zaidi ya milimita 140 kwa saa 24, mahali ambapo wastani wa mwaka mzima haufiki 100. Khatm Al Shakla, karibu na Al Ain, zilipimwa milimita 254.8, kiasi kisichopata kuonekana katika Falme za Kiarabu tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Uvumi ule ulikosea, lakini ulibeba swali zito: katika tabianchi inayobadilika, lipi ni la maumbile na lipi ni la binadamu?

Ndege hizo zipo, na Falme za Kiarabu zimezitumia tangu miaka ya 1990. Ni ndege ndogo za injini mbili, mabawa yake yamefungwa fataki zenye chembe za chumvi. Rubani hupita chini ya wingu lililokwisha kuumuka, pale hewa inapopanda, akawasha fataki. Chumvi hunyonya unyevu, matone yakakua, yakawa mazito, yakaanguka. Ila chumvi haiumbi wingu; huongeza kidogo tu mvua ya wingu lililopo. Dhoruba ya Aprili ilitabiriwa siku kadhaa kabla, na Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa kilisema hakikurusha ndege za kazi hiyo wakati wa dhoruba. Tena ilikwishapita Oman tarehe 14, ambako mafuriko ya korongo yaliwachukua watoto wa shule waliokuwa garini, huko Samad al-Shan.

Maumbile yalikuwa na sehemu yake. Mwaka ule ulikuwa wa El Niño: maji ya Pasifiki yakipata joto, mikondo ya hewa huhama na kusukuma unyevu mwingi zaidi kuelekea Rasi ya Arabuni. Ukirudi nyuma zaidi utakuta mabadiliko makubwa kuliko hayo. Katika enzi ya barafu iliyopita, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na sehemu kubwa ya Ghuba ilikuwa bonde kavu. Baadaye, kati ya miaka 10,000 na 6,000 iliyopita, mzunguko wa dunia kulizunguka jua ulileta mvua nyingi zaidi, na palipo na mchanga leo pakawa na majani na maziwa. Kwa hiyo anayesema tabianchi imekuwa ikibadilika siku zote anasema kweli. Ila mizunguko hiyo huchukua maelfu ya miaka, na jua, ambalo setilaiti zimelipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, halijaongeza nguvu. Volkano nazo hupoza: Pinatubo ya Ufilipino, mwaka 1991, ilishusha joto la dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa muda mfupi.

Kilichopanda ni hewa ukaa. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 zilikuwa zake; sasa zimepita 420. Chanzo chake kinajulikana kwa vipimo. Kila kiumbe hai hubeba kiasi kidogo cha kaboni 14, ambayo huoza na kwisha kabisa baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Mafuta yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka hayana hata chembe yake. Yanapochomwa, sehemu ya kaboni 14 katika hewa ukaa ya dunia nzima hupungua, na maabara huuona upungufu huo.

Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipoichunguza dhoruba ya Dubai, walikuta kwamba mvua kubwa za eneo hilo katika miaka ya El Niño zimezidi kwa asilimia 10 hadi 40, na sababu waliyoiona kuwa na uzito zaidi ni joto linalotokana na mafuta, makaa na gesi. Dhoruba ingekuja hata bila sisi, lakini huenda isingekuwa na maji mengi hivyo.

El Niño hiyohiyo ilitupiga nyumbani Tanzania. Tarehe 30 Novemba 2023, siku ya kwanza ya mkutano wa tabianchi wa COP28 hukohuko Dubai, nchi zilikubaliana mfuko wa hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi uanze kazi, na wenyeji wakaahidi dola milioni 100. Siku tatu baadaye sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua ilimeguka, tope likaingia mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mkutanoni, akakatiza safari na kurudi nyumbani.

Juni 2024 Dubai ilitangaza Tasreef, mradi wa mitaro ya maji ya mvua wa dirham bilioni 30, utakaokamilika mwaka 2033. Katesh haina fedha za namna hiyo, wala haijachoma mafuta kwa kiasi cha Dubai. Sehemu ya madhara iliyoongezwa na binadamu ndiyo mfuko ule unayopaswa kuilipia, na michango yake mpaka sasa ni ya hiari.