Jinja: Safari hii usipite ukiwa usingizini

Ukitoka Busia au Malaba kwa basi la Kampala, huenda Jinja unaijua kwa mambo mawili tu: daraja na usingizi. Basi linavuka Mto Nile ukiwa umekumbatia furushi la bidhaa, na unapozinduka uko msitu wa Mabira, wachuuzi wa Najjembe wanakupitishia kuku wa kuchoma dirishani. Mimi nami nilipita hivyo miaka mingi, na nimejuta.

Nilisomea Kisumu, wazazi wangu walipokuwa uhamishoni miaka ya 1980. Mto wa nchi yangu niliujua kwa chaki: mwalimu Mkenya aliuchora ubaoni kutoka Jinja hadi Misri. Jioni baba alinisimulia maporomoko ya Bujagali, jinsi maji yanavyonguruma hata watu hawasikilizani. "Tukirudi nyumbani nitakupeleka," aliahidi. Tulirudi, nikawa mwalimu hapa Kampala, na kila likizo tukaahirisha. Baba akafariki. Nilipowapeleka wanafunzi wangu mwaka 2012, nilikuta maji yametulia tuli. Bwawa la umeme lilikuwa limeyafunika maporomoko yale tangu mwishoni mwa 2011.

Haikuwa mara ya kwanza. Maporomoko ya Ripon, ambayo Mwingereza John Hanning Speke aliyafikia Julai 1862, yalizamishwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Umeme tunauhitaji, hata madaftari nayasahihisha kwa taa inayowashwa na mto huo. Lakini maporomoko yakishazama hayarudi. Wakati wa mradi wa Bujagali, serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, yaliyo mbele zaidi mtoni, yahifadhiwe. Ahadi kama hiyo hulindwa na watu wanaopajua mahali penyewe.

Kwa hiyo safari ijayo, shuka. Kutoka Kampala ni kilomita 80 hivi. Panda boda boda, usafiri uliozaliwa kwetu mpakani Busia, hadi kwenye chanzo cha Nile. Kodi mashua, patana bei kabla ya kuingia, na udai jaketi la kuokoa maisha. Utawaona mnandi na furukombe, na ufukweni kuna sanamu ya Mahatma Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948.

Kisha tembea Main Street, usome miaka iliyoandikwa juu ya maduka ya zamani ya Wahindi. Wenyewe walifukuzwa mwaka 1972, na miaka ya 1990 baadhi yao wakarudi kudai majengo yao. Sisi tuliorudi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Jioni, tazama daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018; ila waulize walinzi kabla ya kupiga picha.

Mwenye siku nzima afike Itanda, yanayotazamana na Kalagala ng'ambo ya mto. Simama mbali na ukingo, mawe huteleza.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu. Aligeuka akaniambia neno, lakini sikulisikia. Nikamwashiria arudie, naye akacheka. Hatukusikilizana, kama baba alivyosema.