Jina la Binti Lilikuwepo, Simu Haikulionyesha

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaongelea jambo ambalo wengi watasema ni la vijana wa kompyuta tu. Subirini kidogo.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watano, alikuja kwangu jioni na simu mkononi, macho yamemvimba. Binti yake mkubwa alikuwa amefanya mtihani wa kuomba nafasi ya masomo, na majina ya waliochaguliwa yalitolewa kwenye tovuti. Mama alinunua bando, akafungua, akasoma jina moja moja mpaka la ishirini. La binti halikuwemo.

"Basi tena, kaka," akaniambia. "Nimeshamwambia kesho aende sokoni na shangazi yake wauze mboga."

Tangazo lilisema waliochaguliwa wajiandikishe kabla ya Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Kijana mmoja anayesomea kompyuta alikuwa amekaa barazani kwangu akichaji simu yake. Akauliza, "Shikamoo mama. Kwani majina ni ishirini tu?" Akaandika anwani ile ile kwenye simu yake mwenyewe. Orodha ikashuka, ikashuka, mpaka majina 64. Binti alikuwa wa 41.

Sasa, hapo ndipo na mimi nilipotaka kujua. Tovuti moja, anwani moja, siku moja, mbona simu mbili zinasema maneno mawili? Kijana akanieleza, nami nawaeleza ninyi.

Ukurasa wa tovuti haufiki kwenye simu ukiwa picha. Unafika kama barua ya maelekezo: hiki ni kichwa cha habari, hii ni orodha, weka rangi hii, acha nafasi kiasi hiki. Anayeisoma barua hiyo na kuichora ni kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti: Chrome, Firefox, Safari, Opera Mini na nyingine. Kila kivinjari kinachora kama kilivyofundishwa na waliokitengeneza.

Fikiri umemwita fundi, ukamwambia, "Nijengee chumba cha futi 10." Hukumwambia apime ndani ya ukuta au nje. Fundi mmoja atapima ndani, mwingine nje, na wote wawili watakudai pesa wakisema wamefanya kama ulivyosema. Ndivyo ilivyotokea kwenye intaneti. Kanuni za CSS, ambazo ndizo maelekezo ya sura ya ukurasa, zilitolewa mwaka 1996. Zilisema upana wa kisanduku upimwe ndani, halafu nafasi ya pembeni na ukuta viongezwe juu yake. Internet Explorer 5 ya Microsoft ikapima kutoka nje. Ukiandika upana wa nukta 200, nafasi ya pembeni nukta 20 kila upande na ukuta nukta 5 kila upande, aliyefuata kanuni anapata kisanduku cha nukta 250, na Internet Explorer 5 inapata 200. Weka visanduku viwili vya namna hiyo kwenye nafasi ya nukta 400: kwa mmoja vinakaa sambamba, kwa mwingine cha pili kinakosa nafasi na kudondoka chini. Internet Explorer 6 ya mwaka 2001 ilijirekebisha, lakini kwa sharti kwamba ukurasa uanze na mstari wa kutangaza kuwa unafuata kanuni. Kinachochekesha ni kwamba baadaye kanuni zenyewe ziliruhusu mwandishi achague namna ya kupima, na mafundi wengi wa leo wanachagua ile ya nje!

Si kwamba hakukuwa na wazee wa kuamua. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti akiwa CERN kule Geneva, alianzisha mwaka 1994 chama cha kupanga kanuni, W3C. Shida ilikuwa biashara. Netscape na Microsoft walikuwa wakigombania watu, kila mmoja akiongeza mapambo yake: huyu maandishi ya kuwaka na kuzima, yule maandishi ya kukimbia. Tovuti zikawa zinabandika tangazo kwamba zinaonekana vizuri kwa kivinjari fulani tu. Ni kama duka linaloandika mlangoni, "Tunauzia wenye viatu vyeusi." Mwaka 1998 watengenezaji tovuti waliochoka wakaunda kikundi cha Web Standards Project kuzibana kampuni zifuate kanuni.

Leo hali ni nafuu. Internet Explorer yenyewe Microsoft iliiachisha kazi tarehe 15 Juni 2022, na vivinjari vingi vinatumia mashine za ndani zinazofanana. Chrome, Edge na Samsung Internet zote zinachora kwa mashine moja iitwayo Blink. Lakini kwa sisi wa simu za bei ndogo, tofauti haijaisha.

Simu ya mama ilikuwa na Opera Mini, ambayo tunaipenda kwa sababu hailambi bando. Ukiiweka kubana data mpaka mwisho, simu haiendi yenyewe kwenye tovuti. Inatuma ombi kwa kompyuta za Opera, hizo ndizo zinachukua ukurasa, zinaupunguza na kukutumia ukiwa mwepesi. Faida kubwa hiyo. Ila maelekezo ya kuleta vitu vingine baada ya ukurasa kufunguka mara nyingi hayafanyi kazi. Aliyetengeneza ile orodha aliweka majina 20 kwanza, mengine yaje msomaji anapoteleza kidole. Kwake yalikuja. Kwa mama hayakuja, wala hakuna neno lililomwambia kuwa yamebaki.

Mimi hapo simsamehe fundi. Orodha ya majina ni maandishi matupu, 64 yote hayazidi uzito wa picha moja ndogo. Angeyaandika yote moja kwa moja, hata simu ya zamani ingeyaonyesha.

Vijana wetu mnaojifunza kutengeneza tovuti, kabla hamjapandisha kazi yenu, azimeni simu ya mama, simu ya babu, na ile yenye kioo kilichopasuka. Jambo la lazima liandikwe kwanza kwa maandishi ya kawaida, mapambo yafuate. Ukiona sawa kwenye kompyuta ya darasani, bado hujaona.

Na wazazi, mkikosa jina msifunge simu hapo hapo. Kwenye Opera Mini ingieni sehemu ya kubana data, mpunguze ubanaji au mzime kabisa kwa dakika chache, mfungue tena. Bando litaliwa zaidi, ni kweli. Kama bado, ombeni jirani mwenye kivinjari kingine aandike anwani ile ile. Tena mwulizeni mwenye orodha ina majina mangapi, mhesabu wenyewe.

Alhamisi asubuhi mama na binti walikuwa mlangoni pa ofisi kabla haijafunguliwa. Mboga aliuza shangazi peke yake.